Korongo Asiye na Kovu

12 Februari

Baba Mdogo,

Basi kama nilivyokuwa nikikwambia pale getini siku ya harusi, kabla hujachomoka kama mtu aliyeacha jiko linawaka, lile jagi la marehemu baba sasa ninalo mimi. Mama kanipa. Lakini ngoja kwanza nikusalimu, maana mume wangu (mume wangu! Bado nalitamka neno hili nikigeuka nyuma kuona kama kuna mtu anacheka) amechungulia begani kwangu na kusema, "Hata shikamoo hakuna?" Shikamoo Baba Mdogo. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Huku sisi wazima. Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua akipanda ngazi zetu, nazo ziko kumi na tisa, nimezihesabu.

Tumepanga vyumba viwili juu ya duka la kuchapisha kadi. Mashine ikianza kazi asubuhi, vikombe vyote vinatetemeka rafuni, na mume wangu anasema nyumba inatupigia makofi. Unamkumbuka? Yule mrefu aliyekushika mkono kwa mikono yake miwili. Ni mpima ardhi. Anatoka asubuhi na miti yake mitatu begani, anarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, na mimi nakuwa nimeshasimama dirishani robo saa nzima nikijifanya naanua nguo. Baba Mdogo, sikujua kuwa mtu anaweza kufurahi hivi na bado akakumbuka kuosha vyombo.

Sasa jagi. Nililiweka katikati ya meza nikatia maua. Lilipendeza, hasa ile rangi yake ya mawingu ya mvua. Mama alipokuja kututembelea alisimama mlangoni akalitazama. Akatoa ua moja moja, akamwaga maji dirishani, akalipindua jagi likakaa chini juu. Ndivyo lilivyokaa nyumbani kwetu miaka yote, kwenye rafu inayotazamana na mlango, kitako juu. Utotoni nilidhani ni kwa ajili ya vumbi.

Nikamuuliza, "Mama, kwani lina nini?" Akajibu, "Muulize baba yako mdogo. Yeye ndiye msomi wa vitako."

Ndiyo nakuuliza. Nilikuwa darasa la sita duka lilipofungwa. Najua tu kwamba wewe na baba mlikuwa mkiuza na kutambua vyombo vya kale vya bati, kwamba siku moja alikuja mtu wa makumbusho kulichukua jagi hili, na kwamba wewe ulisema ni la kuigiza. Baba alikuwa ameshamwambia ni la kweli. Baada ya hapo watu mtaani walimwita baba tapeli, na wengine waliniita mtoto wa tapeli. Nimeolewa sasa, Baba Mdogo. Siku moja mtu wa kwangu ataniuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Nataka kujua: baba alidanganya?

Mume wangu anakusalimu sana, na mimi zaidi yake.

Mwanao

—

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia. Kifua kinakwenda, siku zinapita. Nimefurahi kusikia mnaishi vizuri. Ngazi kumi na tisa ni nyingi kwa goti la shemeji, mwekeeni kiti katikati kama pana nafasi. Msalimie mkwe wangu. Nilimpenda, ana mkono wa mtu anayefanya kazi.

Kuhusu jagi. Kwanza, usilisugue. Hilo si bati la paa. Ni bati lililochanganywa na risasi kidogo na shaba kidogo, ni laini, kijiko kinaweza kulichora. Rangi hiyo ya mawingu imechukua miaka mingi kukaa. Ukiisugua ing'ae, utakuwa umefuta nusu ya ushahidi, na nusu iliyobaki itakuwa haina wa kuiunga mkono.

Chombo kama hicho huwa na alama sehemu tatu. Kwenye kitako kuna muhuri wa fundi aliyekitengeneza. Karibu na mdomo kuna alama ya mkaguzi wa vipimo, aliyethibitisha kwamba kinabeba kiasi kinachosemwa. Kwenye mkono kuna herufi za wenyewe. Alama ya mkaguzi haikwambii chombo kilitengenezwa lini, inakwambia tu kwamba wakati huo kilikuwa tayari kinatumika. Herufi za wenyewe zinakwambia kidogo zaidi. Anayesema umri ni muhuri wa fundi, ukijua kumsikiliza.

Chukua karatasi nyembamba, ilaze juu ya alama, isiteleze. Laza penseli ubavu, usugue polepole. Usikandamize. Fanya hivyo alama zote tatu, uniletee.

Lile swali lako la mwisho siwezi kulijibu bila kuona nakala. Mwanga wa chumba changu ni mbaya na macho yamechoka. Tuma nakala kwanza.

Baba yako mdogo

—

17 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo! Barua yako imefika asubuhi na jioni hiyohiyo tumeifanya kazi. Mama mzima, mwenye nyumba mzima, hata paka wa chini kwenye mashine mzima, amezaa kwenye boksi la kadi za harusi za watu.

Lakini kwanza niungame. Usikasirike. Nilikuwa nimeshalisugua. Kwa majivu na ndimu, wiki ile ya kwanza, nikitaka liwe jipya kama sisi. Namshukuru Mungu nilichoka baada ya shavu moja. Sasa lina shavu la bibi harusi na shavu la bibi yake. Kitako sikukigusa, naapa.

Nakala tumezitoa wawili. Mume wangu ana zile karatasi za kuchorea ramani, unaona hadi mistari ya kiganja chako kwa chini, na ana lenzi ya kukuzia. Tulilala kifudifudi sakafuni, vichwa vimegusana, yeye ameshika karatasi, mimi nasugua. Akaniambia, "Unapumua sana, karatasi inacheza." Nikamwambia, "Wewe ndiye unayenifanya nipumue." Tukacheka hadi karatasi ya kwanza ikachanika. Kwa hiyo unayoiona ya kitako ni ya pili.

Ametokea ndege, Baba Mdogo! Korongo, amesimama kwa mguu mmoja ndani ya duara, na herufi mbili ubavuni mwake. Ana shingo ndefu nzuri, nzima. Nilimpenda papo hapo. Mdomoni mwa jagi ni namba na kitu kama taji lililosagika. Na mkononi kuna herufi tatu, moja juu na mbili chini yake. Mume wangu anadhani ni herufi ya ukoo, kisha ya mume na ya mke. Ni kweli? Kama ni kweli basi lilikuwa jagi la maharusi kabla yetu! Fikiria, walilala wapi, walicheka nini. Nimemwomba achonge zetu chini ya zao. Kasema hachongi kitu mpaka Baba Mdogo aruhusu.

Wakati tunamtazama huyo korongo nimekumbuka jambo. Siku ile ya mtu wa makumbusho nilikuwa nyuma ya duka, pale kwenye meza yenye pasi ya moto ya kuunganishia vyombo vilivyopasuka, nafanya hesabu za shule. Nilisikia sauti yako: "Korongo huyu hana kovu." Kisha baba: "Shika kwanza chombo, mdogo wangu. Kishike mkononi." Na wewe ukasema, "Sihitaji kukishika." Kisha nikasikia mkoba wa yule mtu wa makumbusho unafungwa, ule mlio wa vifungo viwili. Nikatoka kutazama. Baba alikuwa bado amenyoosha mkono wenye jagi, anakupa, na wewe umeshatoka.

Mume wangu kaniuliza, "Kovu gani?" Sijui nimjibu nini. Kovu gani, Baba Mdogo?

Baba alishusha kibao cha duka mwezi uleule. Akaenda kutunza stoo ya shule, kuhesabu chaki na mifagio. Sikuwahi kumsikia akikusema vibaya. Hilo nalo nilitaka ulijue.

Nasubiri jibu. Ili nakala zisikunjike, nimeweka kipande cha boksi.

Mwanao

—

20 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini huumwi. Kama barua yangu ilipotea njiani, niambie, nitatoa nakala nyingine. Mume wangu amepelekwa mbali kupima njia ya bomba la maji, wiki ya tatu sasa. Ndiyo mara ya kwanza kutengana. Nimevaa shati lake nyumbani siku nzima kama kichaa, na mashine chini ikigonga hakuna wa kusema tunapigiwa makofi. Nimegundua kwamba kumsubiri mtu ni kazi, tena ya kutwa.

Mama ameniuliza mara mbili kama umejibu. Mara ya tatu hakuuliza. Aliangalia tu pale mezani ninapoweka barua.

Mwanao

—

6 Mei

Mwanangu,

Barua yako haikupotea. Ilinifikia siku ya nne. Nakala ni safi, karatasi ile ni nzuri kuliko tuliyokuwa tukitumia sisi. Afya yangu haina shida. Nimetafuta shida ya kusingizia, sikuipata.

Wewe na mkwe wangu mmesoma vizuri herufi za mkono. Ni ya ukoo juu, ya mume na ya mke chini. Msichonge zenu. Wale walikuwa na jagi lao, nanyi mtapata la kwenu.

Sasa kovu.

Muhuri ni kipande cha chuma. Fundi anakata picha yake kwenye ncha mara moja, akiwa kijana, anapoanza kazi kwa jina lake. Kisha anaugonga kwa nyundo kwenye kila chombo anachokimaliza, maisha yake yote. Vyombo vya korongo vilivyopita mikononi mwetu pale dukani, vyote, vilikuwa na mstari mwembamba uliotoka ukingoni mwa duara na kukata shingo ya ndege. Tulikuwa tukimwita mwenye kovu. Baadaye wakazuka waigaji. Walikata mihuri mipya kwa kutazama mchoro wa kitabuni, na aliyechora kitabu hakuchora kovu. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa na sifa ya kujua, nilijiwekea sheria. Mwenye kovu ni wa kweli, asiye na kovu ni wa bandia. Sheria hiyo ilikuwa imenipa sifa nyingi, nami niliipenda kama mtu anavyopenda shati linalomkaa.

Jagi la baba yako halikuwa na kovu. Nilisoma muhuri, sikusoma chombo. Sikutazama kitako kilivyolika upande mmoja kwa miaka ya kuburutwa mezani. Sikuupima uzito. Kaka alinipa nikishike na nikasema vile ulivyosikia. Nilitumaini kwamba hukuwa pale nyuma.

Mwaka wa pili baada ya hapo nililetewa sahani tatu kutoka nyumba moja. Zote za korongo, kila moja imechongwa mwaka wa ndoa ya mwenyewe, mama, binti na mjukuu. Ya mjukuu ilikuwa na kovu refu. Ya binti ilikuwa na ufa mdogo, umeanza tu ukingoni, haujafika kwenye shingo. Ya mama haikuwa na kitu. Shingo nzima.

Chuma hakizaliwi na ufa, mwanangu. Kinapasuka kwa kugongwa. Korongo wa baba yako hakuwa wa kuigiza. Alikuwa wa kwanza, wa ujana wa fundi, kabla muhuri haujapasuka. Lile ndilo jagi la zamani kuliko yote tuliyowahi kuyashika, na mimi ndilo nisilolishika.

Kaka alikuwa hai. Aliishi miaka minne mingine. Nilimwandikia barua jioni hiyo, ninayo hadi leo, ina stempu. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Kisha ikawa aibu ya kosa imeongezewa aibu ya kuchelewa, na ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Kuna jambo hujui. Alikuja kwangu mara moja, mwaka ule wa tatu. Nilimwona dirishani akivuka barabara. Alibisha hodi mara tatu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kikombe, naisikia pumzi yake. Nilijiambia akibisha ya nne nafungua. Hakubisha ya nne.

Mazikoni nilisimama nyuma kabisa. Harusini kwako pia.

Nakala sikuihitaji. Nilijua jibu kabla hujaniuliza. Nilikuomba uitoe ili nipate wiki chache zaidi.

Baba yako hakudanganya. Hakuwahi. Mwambie shemeji, au usimwambie. Sina haki ya kukuchagulia.

Mtu wa makumbusho alishastaafu, lakini ofisi yake ipo. Nimewaandikia kwa jina langu kamili kwamba nilikosea na kaka alikuwa sahihi. Hiyo imeshapelekwa posta. Nimesimama mpaka nikaona inatumbukia.

Baba yako mdogo

—

8 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, ngazi ya kumi na moja, na sikuweza kupanda wala kushuka. Nimechukua mwezi mzima kujibu. Usidhani nilikuwa na shughuli. Nilikuwa nimekasirika. Nilianza barua nne na zote zilikuwa na maneno ambayo baba angenipiga kofi kwa kuyaandika. Mume wangu alirudi kutoka kwenye bomba lake akanikuta silii wala sicheki. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Huyu mzee amekuwa akijifungia nje ya nyumba yake mwenyewe." Nikamwambia asikutetee. Akasema hakutetei, anapima tu.

Baba alikuwa akihesabu mifagio, Baba Mdogo. Miaka sita.

Juzi nimemsomea mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza alisema, "Soma tena pale pa mlangoni." Nikasoma tena. Akaacha sinia, akaingia chumbani, akatoka na bahasha. Ilikuwa ndani ya shuka aliloolewa nalo.

Ndani kuna karatasi ya baba. Nakala tatu za penseli, zimepangwa mstari mmoja, korongo watatu. Wa kwanza shingo nzima, wa pili ana ufa mdogo ukingoni, wa tatu ana kovu. Chini kaweka tarehe. Nimeiangalia kwa lenzi nisije nikakosea. Ni miezi mitatu tu baada ya siku ile ya dukani. Alikuwa amezunguka nyumba za watu aliowahi kuwatengenezea vyombo, akiomba kupindua sahani zao. Alijua, Baba Mdogo. Alijua mwaka mzima na zaidi kabla yako. Na chini ya tarehe kaandika kwa mwandiko wake ule wa kulala: "Mdogo wangu ataliona tu. Ana macho."

Nikamuuliza mama kwa nini hakukupelekea. Mama akasema na yeye alimuuliza, tena kwa kelele. Baba akamjibu: "Nikimpelekea nitakuwa nimemshinda. Sitaki kumshinda. Akija mwenyewe, mpe." Ndiyo maana jagi lilikaa chini juu kwenye rafu ya mlangoni. Alitaka siku utakayoingia, kitu cha kwanza utakachokiona kiwe yule ndege, usilazimike kuuliza.

Na siku ile aliyobisha, mama anaikumbuka. Anasema hakuwa amebeba jagi wala karatasi. Mikono mitupu. Alisema anakwenda kukusalimu tu. Alirudi akavua viatu akasema, "Hayupo." Mama akamuuliza, "Umebisha vizuri?" Akasema, "Nimebisha vya kutosha."

Sikuandikii haya ili nikuumize, ingawa wiki tatu zilizopita ningependa yakuumize. Nakuandikia kwa sababu usiku na mchana nawaza vile nilivyo na mtu wangu humu ndani, ninavyoweza kumshika bega muda wowote nikitaka, na ninyi wawili mlikuwa na ubao wa mlango tu katikati yenu. Ubao! Sipendi kulifikiria na silali bila kulifikiria.

Mama amesema hivi, naandika kama alivyosema: "Mwambie alipewa chombo hakukishika. Bado anapewa."

Kwa hiyo tunakuja. Mimi, mume wangu na mama, kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi ya mwisho au ile iliyo kabla yake, goti likikubali. Jagi atalipakata mama mwenyewe, hataki lifungwe kwenye sanduku, lile shavu lake moja linang'aa na lingine la mawingu, utanisamehe. Utalishika kwanza kabla ya kusema lolote. Baadaye utaligeuza wewe, likae kama majagi mengine, na nitatia maua.

Usijisumbue kukaa dirishani. Mama ameahidi kubisha mara nne.

Mwanao